Mama Alipoushtaki Wimbo wa Papa Kambale

Wiki iliyopita nilipeleka betri yangu ya sola kwa fundi mmoja wa Katindo. Alipofungua vifuniko vyake ili aongeze maji, harufu ya asidi ikapanda, kali, ya kuwasha pua, na mimi nikasikia gitaa. Msinicheke. Fundi yule hakuwa na hata redio. Gitaa lilikuwa kichwani mwangu, na limekaa humo tangu nilipokuwa mtoto wa kusukwa mikia miwili, katika uwanja wa Papa Kambale, siku za Jumapili baada ya misa.

Mkimwona mama yangu leo, kibibi mfupi aliyekaa kimya juu ya kigoda chake huku akichambua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, hamtadhani kwamba kuna siku aliwanyamazisha wanaume wa mtaa mzima bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwepo. Nilimshika upande wa kitenge chake siku ile, na fahari niliyoisikia haijanitoka mpaka leo. Basi kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya kabla lava ya volkano haijashuka mjini. Nyumba zetu zilikuwa za mbao juu ya mawe meusi, na umeme ulikuwa mgeni wa heshima, yule anayekuja bila taarifa na kuondoka kabla ya chakula. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa maharagwe na vitambaa, mwenye tumbo la kuridhisha na cheko la kusikika hadi barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa na gramafoni. Ilikaa ndani ya kisanduku cha ngozi bandia, spika yake ikiwa kwenye kifuniko, na waya mbili zilitoka nyuma yake zikaenda kubana vichwa vya betri ya gari iliyowekwa chini juu ya kipande cha ubao. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa ile betri. Kaka yangu aliigusa, akapata tundu kwenye suruali ya misa, na baada ya hapo akapata na fimbo.

Kila Jumapili watu walikuja na santuri zao zimefungwa kwenye vitambaa kama watoto wachanga. Zilikuwa nyimbo za ujana wao, zilizotoka Kinshasa kwa meli na kwa malori, na tayari zilikuwa za kale wakati ule. Ziliimbwa kwa Kilingala, ambacho wengi wao walikijua nusunusu, lakini kila mtu alijua mahali pa kutikisa kichwa, na kila mtu alijua pa kuguna. Zilipofika kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakashika njia yenyewe, hata Papa Kambale na tumbo lake aliinuka.

Kisha ubishi ukaanza. Jamani, ubishi! Wimbo upi ni mkubwa kuliko wote? Gitaa la nani linaongea? Nani aliimba kwa moyo na nani aliimba kwa tumbo? Nimewasikia watu wakibishana siasa, nimewasikia wakibishana mpira, lakini sijaona watu wakirushiana maneno kama wale wazee wakigombania santuri zilizokwaruzika.

Mfalme wa uwanja ule alikuwa wimbo mmoja wa Papa Kambale, “Kiti ya Tata.” Ulikuwa wa mtoto anayekalia kiti cha baba yake aliyefariki, na sebene yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba ungeweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta. Baba yangu, fundi wa chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyokuwa na injini, aliusujudia wimbo ule. Aliupiga mluzi akichonga magurudumu, akaupiga akinawa uso.

Mama alikuwa wa “Efrazia.”

Alikuwa peke yake. Santuri ya “Efrazia” alikuja nayo kutoka Rutshuru alipoolewa. Babu yangu alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa, ambako mama aliusikia wimbo huo utotoni, na wenye shamba walipoondoka walimwachia vyungu viwili na santuri hiyo. Vyungu walichukua wajomba. Mama akachukua “Efrazia,” na alikuwa akiihifadhi sandukuni mwake, ndani ya kitenge kilichokunjwa mara nyingi, chini ya vyeti vyetu vya ubatizo.

Sasa niwaeleze jinsi “Efrazia” ilivyosikika kwa Papa Kambale. Ilikuwa nzito na ya polepole. Mwanamume mwenye sauti ya pangoni aliimba kwamba Efrazia amekwenda na sanduku lake, amekwenda, amekwenda, na gitaa lilimfuata nyuma likichechemea. Watu walikubaliana kwamba ni mume aliyekimbiwa na mke. Muzee Sebagenzi, mkulima wa zamani wa Rutshuru ambaye kwa umri wake ndiye aliyekuwa jaji wetu, alifiwa na mkewe, na kila ilipopigwa “Efrazia” alitoa kitambaa. Wengine walipiga miayo.

“Mama Mapendo,” baba alikuwa akimwambia mbele ya watu, maana mimi ndiye Mapendo, “huyu mwimbaji yako alikuwa na malaria?”

“Si mwanaume,” mama alijibu. “Ni mwanamuke.”

Hapo uwanja ulicheka mpaka kuku wakahama. Mwanamke gani mwenye sauti ya ng’ombe dume! Mama alisema hivyo mara chache, mwanzoni mwanzoni, kisha akaacha. Alikaa pale pembeni na kigoda chake, akitoa miiba ya samaki kwenye vidole vyake, akawaacha wacheke. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Niliwaza, kwa nini mama asipende wimbo wanaoupenda watu wengine?

Kulikuwa na utaratibu, nao haukuwa umeandikwa popote kwa sababu hakuna aliyeufikiria kuwa utaratibu. Santuri ya mwenye nyumba ilipigwa kwanza. Zikafuata za wazee, kwa umri. Zikafuata za wanaume wengine. Ya mama ilipigwa mwisho, na alikuwa mwanamke pekee mwenye santuri. Ilipofika zamu yake jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa, mahindi ya kuchoma yameliwa, na watu wanatafuta viatu vyao.

Kulikuwa na desturi nyingine pia, na hii waliijivunia. Ubishi ulipokuwa mkali mno, mtu aliruhusiwa kuleta kesi. Alishtaki wimbo mbele ya Muzee Sebagenzi, na Jumapili iliyofuata kila upande ulitetea wimbo wake huku santuri yenyewe ikizunguka, kwa sababu ilikatazwa kumsifu asiyekuwepo. Wimbo ulioshindwa ulifungwa. Nasema kufungwa kweli: santuri iliingia kwenye sanduku la bati la Papa Kambale, kufuli ikapigwa, isitoke mpaka Pasaka ya mwaka mwingine. Muuza mikate mmoja alifungiwa santuri yake, akapita mtaani wiki nzima kama mfiwa, na watu wakampa pole kweli.

Basi Jumapili moja, “Kiti ya Tata” ilipokwisha kupigwa na kusifiwa na kupigwa tena, mama akaweka samaki wake chini, akajifuta mikono.

“Papa Kambale,” akasema, “miye naleta kesi.”

“Kesi ya nani, Mama Mapendo?”

“Ya Kiti ya Tata. Munaisifu kupita kipimo. Nasema Efrazia inaishinda.”

Hata kucheka walichelewa kidogo. Kisha baba akasema, na safari hii hakuwa akitania, “Mama Mapendo, batakufungia diski. Ni ya papa yako ile. Utalia.”

Mama hakumtazama. Alimgeukia Muzee Sebagenzi. “Muzee, mwenye kuleta kesi anafanya nini?”

“Anaanza,” Muzee akasema. “Ndiyo sheria.”

“Diski yake inapigwa ya kwanza?”

“Ya kwanza.”

“Bon,” mama akasema. “Siku ya yenga ijayo, naanza.” Yenga ndiyo Jumapili yetu.

Wiki ile sikula vizuri. Niliogopa. Nilijua kwamba ile santuri ndiyo kitu pekee cha babu kilichomo nyumbani mwetu, na nilijua kwamba hakuna mtu uwanjani atakayesimama upande wa mama, hata mumewe. Nilijaribu kumwambia tuseme anaumwa. Alinisuka nywele akanikaza kichwa mpaka macho yakanitoka, akasema, “Subira yavuta heri, Mapendo. Tulia.”

Jumamosi akafanya jambo lililonishangaza. Kwa kawaida baba ndiye aliyepeleka betri ya Papa Kambale kuchajiwa Birere, kwa chukudu, na aliirudisha ikiwa imechajiwa robo kwa sababu alikuwa na haraka. Jumamosi ile mama alisema ataipeleka yeye. Tulisukuma chukudu pamoja, mimi nikiwa nyuma, betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ile harufu ikinipiga usoni kila tulipokanyaga jiwe. Mwenye kuchaji alisema turudi baada ya saa chache. Mama akaketi. Alikaa pale mlangoni mchana wote na beseni lake tupu, na kila yule bwana alipotaka kuitoa betri yetu aweke ya mtu mwingine, mama alikohoa. Tuliporudi hakuipeleka kwa Papa Kambale, ambaye angewashia taa na kusikilizia habari. Aliiingiza kwetu, akaifunika gunia, akamwambia baba asiiguse hata kwa kidole.

“Betri ni ya Papa Kambale,” baba akalalamika.

“Kesho utamupelekea. Muchana.”

Na kweli, Jumapili baada ya misa, baba yangu, mtetezi mkuu wa “Kiti ya Tata,” aliisukuma ile betri mwenyewe kwa chukudu yake mwenyewe, akipiga mluzi, akiwa amevaa koti lake zuri, hadi uwanjani. Kila nikikumbuka hapo nacheka peke yangu.

Uwanja ulijaa. Walikuja hadi watu wa Munigi, kwa kuwa habari ya mwanamke kuleta kesi ilikuwa imepanda mlima. Papa Kambale alikuwa amefungua sanduku lake la bati likawa wazi pale mbele, mdomo wazi, likisubiri. Mimi nilishika kitenge cha mama.

Muzee Sebagenzi akampa ruhusa ya kusema. Watetezi wengine walikuwa wakiongea mpaka mate yakauka, wakiapa kwa makaburi ya wazazi. Mama alifungua kitambaa chake, akatoa “Efrazia,” akaifuta kwa kiganja, akampa Papa Kambale.

“Miye sina maneno mingi,” akasema. “Mwenye masikio haambiwi sikia. Weka sindano.”

Sindano ikashuka. Ikakwaruza kama kawaida. Halafu gitaa likaruka.

Sijui niwaelezeje. Liliruka juu, jepesi, linang’aa, na nyuma yake ngoma ikaingia mbio mbio, na kisha sauti ya mwanamke ikafunguka katikati ya uwanja, mwanamke kijana, anaimba akiwa anatabasamu, unaisikia kabisa kwamba anatabasamu. Efrazia amekwenda na sanduku lake, amekwenda, amekwenda! Na kwaya ya wanawake wenzake nyuma ikimshangilia. Hapakuwa na mume wala msiba. Lilikuwa genge la wasichana wanamsindikiza mwenzao anayekwenda kuanza maisha.

Papa Kambale aliinama akaitazama mashine yake kama inayovuja. “Imeharibika!” akapiga kelele. “Inakimbia! Zima, zima!”

“Tia Kiti ya Tata,” mama akasema taratibu. “Tuone kama imeharibika.”

Wakatia. “Kiti ya Tata” ikaimba vilevile kama ilivyoimba kila Jumapili, haikuongeza wala haikupunguza. Mashine ilikuwa nzima. Wakarudisha “Efrazia,” na yule msichana akacheka tena ndani ya spika.

Baba ndiye aliyeelewa wa kwanza, maana fundi ni fundi. Aliangalia betri, akamwangalia mama, akaiangalia betri tena. “Ni nguvu ya batri,” akasema polepole. “Ikichoka, na diski inachoka kuzunguka. Siye tulikuwa tunamusikia akiwa amechoka.”

Muzee Sebagenzi alikuwa ameshika kitambaa chake mkononi, na hakujua akipeleke wapi. “Kumbe miaka yote hii,” akasema, “ule mwanaume nilikuwa namuhurumia, hakuwako?”

Uwanja ukalipuka. Walicheka, wakacheza, na Papa Kambale mwenyewe akasalimu amri na kutikisa tumbo lake. Baba alimjia mama akamwinua kutoka kwenye kigoda, akacheza naye mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena, na alikuwa akimtazama kama mtu anayetambulishwa kwake kwa mara ya kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Wanaume waliingiza mikono mifukoni, na wasiokuwa na kitu walimtunza mama mahindi.

Muzee akakata kesi: “Efrazia” imeshinda, “Kiti ya Tata” iingie gerezani. Papa Kambale aliichukua santuri yake kwa mikono miwili. Nilimwona akiikumbatia, mtu mzima vile.

“Hapana,” mama akasema. “Diski haina kosa. Musiifunge. Muipige tu ya mwisho.”

Wakaona ni adhabu ndogo, wakamsifu kwa huruma yake. Santuri nyingine zikapigwa, za wazee, za wanaume, moja baada ya nyingine, na jua likasogea, na mahindi yakaisha. Wanaume walikuwa wanatafuta viatu vyao Papa Kambale alipoweka “Kiti ya Tata.” Betri ilikuwa imechoka. Mwimbaji wake mashuhuri alifungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa sauti ya fahali mwenye homa. Sebene ilitambaa. Hakuna aliyecheka. Papa Kambale alisimama pale akisikiliza mpaka hakuweza tena.

“Zima,” akasema. “Zima, Mama Mapendo. Nimesikia.”

Tangu siku ile santuri zilipigwa kwa zamu, wa kwanza wa leo akiwa wa mwisho wa kesho, na hakuna aliyefungiwa tena. Ila mara mojamoja Muzee Sebagenzi alikuja kumwomba mama kwa kunong’ona, na mama akakubali “Efrazia” iwekwe mwisho, kwa hiari yake, ili Muzee apate kukaa tena kidogo na yule mume wa kufikirika, ambaye walikwisha kuzoeana.

Mimi niliondoka pale naamini kwamba mama alishinda kwa sababu wimbo wake ulikuwa mzuri zaidi. Nilijigamba shuleni mpaka wenzangu wakachoka. Miaka ikapita. Lava iliposhuka, gramafoni ya Papa Kambale iliungua pamoja na uwanja wenyewe, na mama alikimbia na mdogo wangu mgongoni, godoro kichwani, na “Efrazia” kwapani. Leo inaning’inia ukutani kwake, bila mashine ya kuipiga.

Mimi sasa ni mwalimu. Katika vikao vyetu walimu wanawake hupewa nafasi mwishoni, “kama akina mama wana la kuongeza,” wakati mkurugenzi ameshafunga mkoba wake na watu wanaangalia saa. Mara ngapi nilisema pale kwamba choo cha wasichana hakina mlango! Waliitikia kwa kichwa, wakaenda zao. Nilidhani siongei vizuri. Nilianza hata kuandaa sentensi nzuri zaidi. Hadi siku moja, nikiwa nimesimama pale naongea na migongo ya watu, nikamwona mama na kigoda chake, na ndipo nikaelewa kwa nini alileta ile kesi. Hakuihitaji hukumu ya Muzee hata kidogo. Aliiweka rehani santuri ya baba yake kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya mwanamke kuanza.

Kuna kazi moja ambayo walimu wote huikwepa shuleni kwetu, nayo ni kuongoza kikao, maana anayeongoza ndiye anayebeba lawama mwisho wake. Niliiomba. Walinishangaa, wakanipa haraka nisije nikabadili mawazo. Asubuhi ile nilifungua kikao kwa sala, na kabla ya jambo lingine lolote nikaanza na mlango. Walikuwa bado na chai mikononi na akili zimetulia. Mlango upo sasa, wa mbao nzuri, na bawaba zake hazilii.

Nilikwenda kumsimulia mama Jumapili hiyohiyo. Alikuwa anachambua sambaza chini ya santuri yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, na mimi nikangoja anipongeze, maana kwa kweli nilitaka anipongeze. Akatupa kichwa cha samaki kwa paka, akajifuta mikono.

“Na batri,” akaniuliza, “ilikuwa imejaa?”

Nikamwambia ilikuwa imejaa pomoni.